Mchakamchaka Usivunjwe na Mvua

Leo nina jambo moja, nalo nalitaja mapema ili twende pamoja. Makundi yetu ya kukimbia alfajiri yasiendelee kuvunjika kila mvua inapoanza.

Simama nje ya Uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma, Jumamosi moja ya Julai, saa 11 na nusu alfajiri, utawaona. Wanakuja kwa makundi, fulana za rangi moja, filimbi mbele, wimbo katikati, na nyuma kabisa wale wanaohema ambao hawataki kuachwa. Kuna watumishi wa wizara, wanafunzi wa vyuo, mama lishe, madereva wa bodaboda na wastaafu. Baridi ya kipupwe inakata masikio, lakini wapo. Sasa rudi pale pale Januari, mvua ilinyesha usiku kucha na manyunyu bado yanadondoka. Barabara nyeupe. Jana yake usiku, kwenye simu, mtu mmoja aliandika, "Wapendwa, kesho tuangalie hali ya hewa." Basi, imekwisha hapo. Kila mmoja ataiangalia hali ya hewa akiwa amejifunika blanketi, na mvua ukiisikiliza kutoka kitandani huwa kubwa kuliko ilivyo. Juma la kwanza hivyo, la pili hivyo, na ikifika Aprili kundi limebaki jina na fulana.

Tuitazame mvua yenyewe. Sisi wa nyanda hizi za kati hatuna masika na vuli kama wenzetu wa pwani. Tuna msimu mmoja tu. Unaanza Novemba mwishoni au Desemba, unakwisha Aprili, na mara nyingi hapo katikati, mwezi wa Februari, mvua hukatika hadi mahindi yakanyauka shambani. Kwa mwaka mzima Dodoma hupata milimita 550 hadi 600 hivi, wakati Dar es Salaam hupita 1,000. Kuanzia Mei hadi Oktoba ni vumbi. Ndiyo maana wazee wetu wa Kigogo walishikilia uwele na mtama, mazao yanayovumilia kiu, na ndiyo maana mtemi wa zamani alibebeshwa dhamana ya mvua mbele ya watu wake. Ikikosekana, yeye ndiye aliyeulizwa. Mtu aliyelelewa katika nchi ya namna hii akisikia matone juu ya bati alfajiri hanung'uniki. Anashukuru, anachukua jembe, anatoka. Mkulima anatoka na mvua yake, mchungaji anatoka na ng'ombe wake, mtoto anakwenda shule na viatu mkononi. Sioni kwa nini mkimbiaji ndiye awe mtu pekee wa Dodoma anayebaki ndani.

Tena mvua humfaa mkimbiaji kuliko anavyodhani. Misuli inapofanya kazi, sehemu kubwa ya nguvu inayochomwa mwilini haigeuki mwendo, inageuka joto. Joto hilo lazima litoke, na kulitoa ni kazi inayomchosha mkimbiaji wa mbio ndefu. Manyunyu ya alfajiri yanamsaidia kazi hiyo. Aliyewahi kukimbia hapa mwezi wa Oktoba saa 3 asubuhi, jua la Dodoma likiwa kali na vumbi kooni, anajua ninachosema. Miaka ya karibuni tumesikia mengi kuhusu joto katika mbio za dunia. Pale Tokyo, Septemba 2025, mbio za marathoni za mashindano ya dunia zilisogezwa zianze mapema zaidi kwa sababu ya joto hilo hilo. Na aliyelishinda joto lile ni mtoto wa nyanda hizi, Alphonce Simbu wa Singida, aliyemaliza kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akimtangulia Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 tu. Wote wawili waliandikiwa muda mmoja, ikabidi picha iamue. Ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Nitarudi kwake, lakini kwanza nizungumzie mchakamchaka.

Wewe uliyesoma shule ya msingi katika nchi hii miaka ya 1970 na 1980, unaukumbuka. Kabla ya kengele ya darasa la kwanza, kabla hata jua halijatoka vizuri, mnapanga mistari, kiranja anaanzisha wimbo, mnaitikia, mnakimbia kuzunguka kijiji na kurudi. Enzi za vita vya Kagera, mwaka 1978 na 1979, nyimbo zile zilikuwa na moto wa pekee. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa tarehe 10 Julai 1963, nalo liliufanya mchakamchaka kuwa mlango wa kila siku kambini. Waliopita kambi ya Makutupora, hapa hapa nje ya mji, wanajua chenja, zile nyimbo za mbio za alfajiri, na wanajua kwamba hakuna afande aliyewahi kutoka nje, akatazama mawingu, akawaambia vijana warudi kulala.

Ninachotaka tukumbuke kuhusu mchakamchaka ni namna ulivyopangwa. Haukuwa mbio za kushindana. Hakuna aliyepimwa muda. Wimbo ndio uliokuwa saa, kwa sababu mtu anayeimba hawezi kukimbia kupita pumzi yake, na kundi linaloimba pamoja linakwenda kwa mwendo ambao wengi wanaumudu. Aliyechoka aliwekwa katikati, si nyuma. Huo ndio urithi tulio nao, na ninaamini mvua ndiyo inayouonyesha vizuri kuliko ukavu. Kukiwa kukavu, kundi hutawanyika lenyewe: wenye kasi wanachomoka, wenye saa za mkononi wanahesabu kilomita, wengine wanabaki wawili wawili wakipiga soga. Mvua ikishuka, watu wanasogeleana. Kila mtu anahitaji macho ya mwenzake.

Hebu niwaeleze namna kundi linalojua kazi linavyokimbia kwenye mvua, maana hapa ndipo wengi wanaposhindwa, wakaona mvua ndiyo mbaya.

Kwanza ni giza. Nchi nzima tunatumia saa moja, lakini Dodoma tuko magharibi ya Dar es Salaam, kwa hiyo jua linatufikia likiwa limechelewa kwa kama robo saa. Januari linachomoza hapa karibu saa 12 na nusu, na kukiwa na wingu zito hata hiyo saa 12 na nusu bado ni kiza. Dereva mwenye kioo chenye matone hakuoni. Basi kundi liwe na vizibao vinavyoakisi mwanga, angalau kwa wa mbele na wa nyuma, na likimbie upande wa kulia wa barabara, likiyatazama magari yanayokuja. Wawili wawili, si wanne. Njia ichaguliwe yenye taa na yenye nafasi ya watembea kwa miguu, hata kama itabidi kuzunguka mitaa ile ile mara kadhaa.

Kisha ni sauti. Wa mbele ndiye macho. Akiona dimbwi anapaza sauti, "Maji kulia!" na wa pili anarudia, na wa tatu, mpaka neno lifike nyuma. "Shimo!" "Gari!" "Bodaboda!" Dimbwi halikanyagwi, kwa sababu hujui chini yake kuna nini, mfuniko wa mtaro uliong'oka hauonekani maji yakijaa. Hatua ziwe fupi, mguu utue chini ya mwili, hasa penye udongo mwekundu, ambao ukilowa unateleza, na penye udongo mweusi wa mbuga, ambao unanasa raba kama gundi. Na korongo likiwa linapita maji, kundi linageuka. Hilo halina mjadala. Makorongo yetu ni makavu miezi mingi mpaka tunayasahau, lakini maji yake yanatoka mbali, hushuka ghafla, na yana nguvu. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliivunja Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe, chuma na tuta la reli. Binadamu mwenye raba hana ubishi na maji hayo.

Radi ndiyo sababu pekee ninayoikubali ya kuahirisha. Ukisikia ngurumo, radi iko karibu kiasi cha kukufikia. Ingieni ndani ya jengo, kaeni mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, kisha muamue. Msijikinge chini ya mbuyu, hata uwe mnene namna gani. Kwa bahati njema, mvua zetu kubwa za ngurumo mara nyingi hushuka alasiri, jioni au usiku, na alfajiri tunaachiwa mabaki yake.

Mavazi nitayapitia haraka. Fulana ya pamba hunywa maji ikawa nzito. Ya kitambaa chepesi ni bora. Kofia yenye ukingo huzuia maji machoni. Mafuta ya mgando mapajani, kwapani na vidoleni, maana ngozi iliyolowa huchubuka. Simu kwenye mfuko wa plastiki. La muhimu zaidi ni baada ya kumaliza. Unapokimbia mwili unajipasha wenyewe. Ukisimama, joto hilo linaondoka upesi, na Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, penye upepo usiopumzika. Nguo kavu ziwe zinakungojea, na chai ya tangawizi au uji wa uwele wa moto. Wale wanaosema walikimbia mvuani wakaugua, wengi wao walisimama nusu saa wakipiga picha na fulana iliyolowa.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, kwa sababu kuna mbio moja ambayo naiona ni darasa kamili la jambo hili. Tarehe 16 Aprili 2018, mji wa Boston, Marekani. Marathoni ya siku hiyo ilikimbiwa katika mvua ya kumwaga, upepo mkali wa usoni, na baridi iliyobaki nyuzi chache tu juu ya kuganda. Mabingwa wengi wakubwa, watu ambao kukimbia ndiyo ajira yao, walijitoa njiani. Upande wa wanaume alishinda Yuki Kawauchi wa Japani, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 58. Kawauchi wakati huo alikuwa mtumishi wa ofisi katika shule ya sekondari. Alikuwa akifanya mazoezi nje ya saa za kazi. Upande wa wanawake, wa pili alikuwa muuguzi kutoka Arizona, Sarah Sellers, ambaye naye alikuwa na kazi yake ya kila siku hospitalini na hakuwa akijulikana na watu wa riadha. Mvua ile iliwapa nafasi watu wa kazi za kawaida waliozoea kuamka na kukimbia bila kuchagua siku.

Lakini aliyenigusa zaidi ni mshindi wa wanawake, Desiree Linden. Mapema katika mbio alijisikia vibaya, akamwambia mwenzake Shalane Flanagan kwamba huenda asimalize, na kwamba akihitaji msaada wa kukingwa upepo yeye yupo. Baadaye Flanagan alilazimika kusimama kwenda msalani. Linden akapunguza mwendo, akamngoja, kisha akamsaidia kurudi kwenye kundi la mbele. Akamsaidia na mwingine, Molly Huddle. Mwanamke aliyekuwa anafikiria kujitoa alianza kuwatumikia wenzake, na katika kuwatumikia akajikuta bado yumo mbioni. Akashinda, kwa saa 2, dakika 39 na sekunde 54, Mmarekani wa kwanza kushinda upande wa wanawake pale Boston tangu 1985. Muda ule ni wa polepole sana kwa mbio za kiwango kile. Hakuna anayeukumbuka kwa upolepole wake. Wanakumbuka kwamba alimngoja mwenzake mvuani.

Huo ni mchakamchaka, msikilizaji. Hawauiti hivyo, lakini ndio huo huo.

Na Boston hiyo hiyo ina jina letu. Juma Ikangaa, aliyezaliwa hapa Dodoma mwaka 1957, alimaliza wa pili pale miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Ule wa 1988 alizidiwa na Mkenya Ibrahim Hussein kwa sekunde moja, baada ya zaidi ya kilomita 42. Wengine wangekata tamaa. Novemba 1989 Ikangaa alikwenda New York akashinda kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, rekodi ya njia ile iliyodumu hadi 2001. Ndiye aliyesema kwamba nia ya kushinda haina maana pasipo nia ya kujiandaa. Nasikitika kwamba vijana wengi wa mji huu wanalifahamu jina la kila mchezaji wa mpira wa Ulaya lakini hawajui kwamba bingwa wa New York alizaliwa hapa. Shule zetu zingeweza kurekebisha hilo kwa asubuhi moja ya kusimulia.

Nawataja Ikangaa na Simbu kwa sababu ya kujiandaa, na kujiandaa kuna kalenda yake. Mji wetu sasa una mbio kubwa. NBC Dodoma Marathon ilianza 2020, inaanzia na kumalizikia Uwanja wa Jamhuri, na fedha zake zimesaidia mapambano dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Ni kazi njema, na Julai ni mwezi mzuri wa mbio. Lakini mtu anayetaka kukimbia kilomita 21 Julai bila kuumia goti hana budi kuanza kujenga miguu Januari, Februari na Machi. Yaani katika mvua. Tukiikimbia mvua tunaanza Mei, tunaharakisha, na ikifika Julai nusu ya kundi wamefunga bandeji.

Lipo pia la afya, ambalo halina msimu. Tangu serikali ihamie hapa, maelfu ya watumishi wamekuja kukaa ofisini Mtumba na mjini, kutwa kwenye kiti, jioni kwenye gari. Shinikizo la damu na kisukari havipumziki Desemba hadi Aprili. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Mwaka 2016 Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi na kuelekeza kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi kitaifa. Ya kila mwezi. Januari ina Jumamosi ya pili, na Machi pia.

Najua kuna mama anayenisikiliza sasa anasema, mwanangu, mimi na umri huu nikalowe? Namheshimu sana. Mwenye pumu, mwenye moyo unaosumbua, mjamzito, aliyetoka kuugua, amwone daktari kwanza, na siku ya mvua afanye mazoezi ya ndani bila aibu. Kundi jema halimlazimishi mtu. Lakini kwa sisi wengine wazima, naomba tukubaliane.

Viongozi wa makundi, futeni ile sentensi ya "tuangalie hali ya hewa." Andikeni badala yake: tunakutana saa 11 na nusu, kukiwa na radi tunasubiri ndani, isipokuwepo tunakwenda. Kila kundi liteue mtu wa mwisho, mwenye kizibao na tochi, ambaye kazi yake ni kutomwacha yeyote nyuma. Na Jumamosi ya pili ya Januari, makundi yote ya mji tukutane, tukimbie kilomita 5 pamoja kwa wimbo, bila zawadi na bila saa, na muda wa kundi uwe ni muda wa yule atakayefika mwisho.

Jiji letu, tunaomba mitaro ifunikwe na taa za barabarani ziwake mpaka kupambazuke. Nanyi madereva wa alfajiri, wa Barabara ya Iringa, ya Arusha, ya Singida na ya Dar es Salaam, mkiwaona watu wamelowa wanakimbia kushoto kwenu wakiimba, punguzeni mwendo, washeni taa zenu ndogo, wapisheni wapite. Hao ni majirani zenu.